Ndege iliyofika ndani ya balo: mabawa mawili juu ya ziwa letu

NYAKABERE – Majuma mawili yaliyopita, katika kipindi cha vijana, nilieleza habari ya kijana mmoja wa miaka 13 hapa Nyakabere ambaye ametengeneza ndege ndogo ya kivita, ya mabawa mawili, inayokaa juu ya kiganja cha mkono. Kipindi kilikuwa hakijaisha simu ikalia. Alikuwa mama mmoja aliyepewa chumba na jamaa hapa kwetu baada ya kukimbia na watoto wake. Akaniambia: «Mwanangu, sisi tumekimbia hizo avioni, na wewe unazisifu kwa redio?» Kabla sijapata jibu, simu ya pili ikaingia. Huyo alikuwa mwalimu wa zamani, mzee wa pansheni. Yeye hakulia juu ya mtoto. Alisema: «Kijana, umetangaza kwamba ndege za Wabelgiji zilizamisha meli ya Wadachi pale Kigoma. Si kweli. Urekebishe.»

Kwa hiyo nina madeni mawili. La mzee ni jepesi, nitalilipa kwa tarehe na majina. La mama ni zito. Naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu nilipotafuta jibu la mzee, nilikuta jibu la mama limelala humo humo.

Balo na kisanduku

Nianze na kijana mwenyewe. Watoto wetu wanajua kutengeneza vitu tangu zamani. Nani hakuchezea gari la waya lenye magurudumu ya kambambili iliyokatika? Nani hakujenga lori kwa kopo la sardini? Lakini ndege ya huyu kijana ina asili nyingine. Jirani yao anauza nguo za kuvaliwa. Siku moja alifungua balo ya nguo za watoto, akakuta katikati ya suruali kisanduku cha karatasi ngumu kilichopondeka. Ndani mlikuwa vipande vya plastiki vya rangi ya kijivu, vimeshikamana na vijiti vyake kama samaki katika utambi, pamoja na karatasi ya michoro yenye kuonyesha kipande namba fulani kinaingia wapi. Muuzaji hakuona faida. Akampa kijana bure.

Vipande havikutimia. Bawa la juu halikuwemo, wala magurudumu, wala gundi. Karatasi ya michoro ilikuwa na jina moja ambalo kijana alilisoma herufi kwa herufi: Fiat CR.42.

Alifanya kazi siku nyingi. Mahali pa gundi ya dukani alitumia gundi ya baiskeli, ile ya kuzibia mipira, na pale ilipomwishia alijaribu uji mzito wa muhogo, ambao ulishika karatasi lakini ulikataa plastiki. Bawa la juu alilikata katika bati la kopo la maziwa, akalikunja ukingo kwa kijiko ili lisimkate mdogo wake. Nguzo zinazobeba bawa la juu zilikuwemo katika kisanduku, zimeinama kama herufi W, na hizo ndizo zilizomwonyesha bawa likae juu kiasi gani. Magurudumu hakuyatengeneza kabisa. Chini ya ndege alifunga vipande viwili vya tete, vimechongwa ncha kama mitumbwi miwili.

Nilimuuliza kwa nini ndege ya vita ina mitumbwi. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Papa mwandishi, hii haiko ya vita tena. Iko ya kuangalia ndagala kwenye ziwa. Inaona kundi la samaki, inashuka, inaita wavuvi.»

Hiyo ndiyo habari niliyoisema redioni. Halafu, kwa kutaka kuipamba, nikaongeza kwamba ziwa letu limewahi kuona ndege za mabawa mawili zenye miguu ya kuelea, na kwamba zilizamisha meli ya Wadachi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ndiyo aliyonikamata mzee.

Vita vya masanduku

Mwaka 1914 vita vya wazungu vilipofika kwetu, pwani ya mashariki ya Tanganyika ilikuwa ya Wadachi, na upande wetu ulikuwa wa Wabelgiji. Hakuna aliyekuwa na njia rahisi ya kuleta chombo kikubwa hapa. Kwa hiyo kila mmoja alileta chombo chake katika vipande.

Wadachi ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote. Meli yao Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer Werft. Ilipokwisha kusimama wakaibomoa, wakaifunga katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri baharini mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Pale mafundi watatu kutoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika na Wahindi, waliiunga upya msumari kwa msumari. Februari 1915 ikaingia majini. Urefu wake ni karibu metre 70. Fikirini kisanduku kile cha balo, mkikuze mpaka kiwe meli.

Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikaelea kwenye Lualaba, zikapanda treni tena mpaka pwani ya Kalemie. Desemba 1915 ziliingia ziwani. Tarehe 26 ya mwezi huo ziliikamata meli ndogo ya Wadachi, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ziliizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen haikuguswa. Ilikuwa kubwa mno, na ilikuwa na mzinga wa milimetre 105 uliotolewa katika manowari Königsberg iliyokwama mto Rufiji.

Hapo ndipo ndege zinaingia. Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827. Zilikuwa za mabawa mawili, za watu wawili, na mahali pa magurudumu zilikuwa na vielea vya kukaa juu ya maji. Upana wa mabawa ulizidi metre 16. Zilitengenezwa kwa mbao na kitambaa, zikafungwa kwa waya. Nazo zilikuja katika masanduku: meli mpaka mdomo wa mto Kongo, treni, mashua za mto, treni tena, mpaka Kalemie. Ziliungwa karibu na Mtoa, kaskazini ya Kalemie, na baadaye zikakaa kwenye ziwa dogo la Tungwe ambako maji yametulia kuliko ziwa kubwa.

Tusipite hapa bila kuwataja wenye mabega. Katika vita ile upande wa Wabelgiji peke yake ulitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Vitabu vinataja marubani kwa majina yao, na masanduku kwa hesabu yake. Waliobeba hawatajwi. Ukoo mwingi wa bonde letu na wa milima ya juu una babu mmoja aliyekwenda na mzigo asirudi.

Rubani aliyejulikana zaidi aliitwa Aimé Behaeghe, Mbelgiji. Mwezi Juni 1916 yeye na wenzake waliruka juu ya ziwa, wakaangusha mabomu juu ya bandari ya Kigoma, wakiilenga Götzen. Walirudi wakiamini wameipiga. Behaeghe hakuiona nchi yake tena. Alikufa kwa ugonjwa pale Niemba, Desemba mwaka ule ule.

Je, waliizamisha Götzen? Hapana, mzee wangu. Nimekosea, narekebisha mbele ya wote. Wadachi waliizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, walipoona Kigoma inawaponyoka. Na mafundi wale wale waliokuja nayo kutoka Papenburg walipaka injini zake mafuta mazito kabla ya kuilaza chini, kwa kutumaini kwamba siku moja itaamka.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Wakati mabomu yale yanaanguka, mzinga mkubwa wa Götzen haukuwa tena juu ya meli. Wadachi walikwisha kuuondoa wapeleke kwenye vita vya nchi kavu. Mahali pake waliweka mzinga wa mti, umechongwa na kupakwa rangi. Na kule kusini, Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga ya Tanzania, kiongozi wa Waingereza alikataa kuishambulia ngome kwa kuogopa mizinga yake, askari wa Kidachi wakapata nafasi ya kutoroka kwa mitumbwi. Baadaye ikajulikana kwamba mizinga ile nayo ilikuwa ya mti.

Sisi tuliokimbia mara nyingi tunaelewa vizuri jambo hili. Ni mara ngapi kijiji kizima kimebeba magodoro usiku kwa sababu ya habari iliyochongwa na mtu? Kazi yangu ya redio, kama ina maana, ni kutazama kama mzinga ni wa chuma ao wa mti kabla ya kuwaambia watu wakimbie. Na siku ile, juu ya Götzen, sikutazama.

Miaka ya katikati

Baada ya vita ile dunia ilikaa karibu miaka ishirini kabla ya vita kubwa ya pili, na katika miaka hiyo ndege ya mabawa mawili ilitawala mbingu. Watoto huniuliza: kwa nini mawili? Kwa sababu injini za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, na mbao na kitambaa havina ugumu wa chuma. Bawa moja refu lingevunjika. Mabawa mawili mafupi, yakisimamishwa na nguzo na kukazwa kwa waya, yanakuwa kama sanduku: jepesi, na halipindiki ovyo. Yeyote aliyejenga kibanda kwa miti miembamba na kamba anaijua akili hiyo.

Kongo iliziona mapema. Kati ya 1920 na 1922 kulikuwa na njia ya ndege za kuelea juu ya mto, kutoka Kinshasa kuelekea Kisangani. Iliitwa LARA, kwa jina la mfalme Albert, na ndege zake, Levy-Lepen, zilikuwa za mabawa mawili. Mwaka 1925 Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani wa vita, alitoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Kinshasa tarehe 3 Aprili, siku 51, kwa ndege ya Handley Page ya mabawa mawili na injini tatu. Naye alikufa humu humu Kongo, kwa ajali ya ndege, mwaka 1929.

Huko Ulaya mafundi walikuwa wakishindana kutengeneza ndege ndogo za kivita za mabawa mawili. Uingereza ilikuwa na Hawker Fury, kisha Gloster Gladiator. Italia ilikuwa na mhandisi Celestino Rosatelli, ambaye herufi ya jina lake imo katika CR.32 na CR.42. Hiyo CR.42 iliruka mara ya kwanza mwaka 1938, wakati mataifa mengine yalikwisha kugeukia bawa moja la chuma. Ilikuwa nzuri na ilikuwa imechelewa. Hata hivyo zilijengwa zaidi ya 1,700, na Ubelgiji, mtawala wetu wa wakati ule, ilinunua pia.

Na miaka hiyo hiyo ndipo mchezo wa kijana wetu ulipozaliwa. Mwaka 1936 kampuni moja ya Uingereza yenye jina la Frog ilianza kuuza visanduku vya vipande vya plastiki vya kuunga ndege ndogo. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, yaani ukizipanga ndogo 72 pua kwa mkia zinalingana na moja ya kweli. Waliviita Penguin, kwa jina la yule ndege wa nchi za barafu mwenye mabawa lakini haruki, maana ndege hizo ni za kutazama tu. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. CR.42 ya kweli ina bawa la juu la metre 9.70, gawanya kwa 72, unapata sentimetre 13 na nusu. Nilipima ndege ya kijana wetu kwa rula ya shule. Bawa lake la bati lina sentimetre 16.

Nikamwambia amekosea. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwingine. Akasema ndege yake imebeba mitumbwi, imekuwa nzito, kwa hiyo imehitaji bawa kubwa. Sikuwa na la kujibu.

Watu wazima wa nchi za mbali wanaufanya mchezo huo pia. Wapo wanaojenga kila kitu kama kilivyokuwa, mpaka rangi ya kiti cha rubani. Wapo wengine wanaojiuliza: ingekuwaje? Wanaipa Fury miguu ya kuelea, wanaipaka Gladiator rangi za nchi ambayo haikuwa nayo, wanaweka injini ambayo haikuwekwa. Wenyewe kwa wenyewe hugombana kama jambo hilo ni historia ao ni ndoto. Lakini sikilizeni: wakati wa vita ya pili Waitalia walitengeneza kweli CR.42 moja yenye vielea viwili, wakaiita ICR.42. Moja tu, kwa kujaribu. Kijana wa Nyakabere hakuwa amesoma hilo mahali popote. Alifika peke yake kwa njia ya tete na wembe.

Saio

Sasa nifike mahali panapotuhusu sana. Wengi wenu mmepita Bukavu mkaona Kampi Saio. Wachache wanajua jina limetoka wapi. Saio ni mji wa milimani magharibi ya Ethiopia, leo unaitwa Dembidolo.

Mwaka 1941 askari wa Kongo, Force Publique, walitumwa kupigana na Waitalia waliokuwa wameiteka Ethiopia. Walisafiri kwa mto, kwa lori na kwa miguu, kupitia Sudan. Mwezi Machi walichukua Asosa na Gambela. Kisha wakapanda kuelekea Saio, wakakaa miezi chini ya milima hiyo kwa mvua, njaa na magonjwa. Tarehe 3 Julai 1941 jenerali wa Kiitalia Pietro Gazzera alijisalimisha kwa jenerali wa Kibelgiji Gilliaert, pamoja na majenerali wengine na maelfu ya askari. Cheo kilikuwa cha Mbelgiji. Miguu ilikuwa ya Wakongomani.

Katika Ethiopia Waitalia walikuwa na ndege za CR.32 na CR.42. Askari wetu hawakuwa na ndege yao hata moja ya kivita. Walisaidiwa na ndege za Afrika Kusini. Na zile CR.42 zilifikaje huko, wakati Waingereza wamefunga njia ya bahari? Waitalia walizifungua vipande, wakaziweka ndani ya tumbo la ndege kubwa za mizigo, wakazirusha usiku kupita Libya na jangwa, kisha wakaziunga upya walipofika. Ndege ndani ya ndege. Ya mwisho kuangushwa Afrika ya mashariki iliangushwa na Gladiator karibu na Gondar, Oktoba 1941: mabawa mawili dhidi ya mabawa mawili, wakati ambapo kwingineko mambo hayo yalikwisha kuwa ya kale.

Kwa hiyo ndege iliyofika Nyakabere ndani ya balo, katikati ya suruali za watoto wa Ulaya, ni aina ile ile iliyokuwa juu ya vita ya babu zetu. Kijana hakujua. Mimi pia sikujua mpaka mzee aliponikaripia nikaenda kusoma.

Jibu kwa mama

Nilikwenda kumwona yule mama aliyenipigia simu. Nilitaka kumweleza haya yote, lakini yeye ndiye aliyenieleza kwanza. Binti yake mdogo akisikia mlio wowote wa juu anaingia chini ya kitanda. Kijana wa ndege anakaa ua huo huo. Siku moja alikimbia na ndege yake akiunguruma kwa mdomo, na yule mtoto akajificha, akatokwa na mkojo. Mama alitoka akamnyang'anya kijana ndege yake, akaitupa chini. Bawa la bati likapinda, tete moja likapasuka.

«Sikufurahi kuivunja,» aliniambia. «Lakini mtoto wangu ni mtoto pia.»

Sikuweza kusema amekosea. Mtu aliyekimbia bomu hana deni la kupenda umbo la bomu. Nilikaa kimya. Halafu, kwa kutafuta maneno, nikamuuliza kama hiyo ni mara yake ya kwanza kuhama. Akacheka kidogo. Akasema mwaka 1996 alikuwa msichana, walivuka ziwa wakaenda Kigoma, na mwaka 1997 wakarudi Uvira kwa meli kubwa. Akakumbuka jina lake: Liemba.

Hapo nikamweleza ile nusu ya hadithi niliyokuwa sijaisema redioni. Götzen haikubaki chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Mafuta yale mazito yalikuwa yamezihifadhi injini. Wakaitengeneza, na mwezi Mei 1927 ikarudi kazini kubeba abiria na mizigo, na jina lake jipya likawa Liemba. Miaka 70 baadaye, katika 1997, shirika la umoja wa mataifa la wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao watu zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mwaka 2015 iliwabeba tena wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: «Ile meli tuliyorudi nayo ndiyo ile walitaka kuipiga na avioni?»

Nikamjibu ndiyo, ile ile. Ilijengwa kwa amri ya watawala, ikapewa mzinga, ikanyang'anywa mzinga ikapewa wa mti, ikazamishwa na wenyewe, ikainuliwa, ikabadilishwa kuwa gari la watu wa ziwa. Alikumbuka kwamba mama yake aliwapikia uji pwani siku waliposhuka.

Sitaki kudanganya mtu kwamba kila chombo cha vita kinageuka kuwa meli ya kurudi nyumbani. Vingi vinabaki chuma cha kuua mpaka kutu inavimaliza, na hata leo tunaishi chini ya vingine. Nasema tu kwamba Liemba haikugeuka yenyewe. Kuna watu waliokaa wakaitazama meli ya vita iliyolala kwenye matope, wakaona ndani yake viti vya abiria. Kijana aliyetoa magurudumu na kuweka mitumbwi anafanya kazi ya namna hiyo, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Anastahili kuachiwa aifanye. Na mtoto wa chini ya kitanda anastahili asiogopeshwe.

Tulipatana hivi, mama, kijana na mimi, huku mwenye nyumba akishuhudia. Kijana ataacha kuunguruma ndani ya ua. Mama atampa kopo jingine la maziwa likiisha, kwa ajili ya bawa. Na kabla ya kuirusha tena, kijana atamwita yule mdogo, atamweka ndege mkononi ikiwa kimya, amwonyeshe mahali rubani anapokaa na mahali anapotazama ndagala.

Juzi nilipita tena. Bawa jipya limewekwa, refu kuliko la kwanza. Tete lililopasuka limefungwa kwa uzi wa nyavu. Yule binti alikuwa ameketi kando, si karibu sana, si mbali sana. Alimwambia kijana kwamba ndege yake haina jina. Kijana akamuuliza aiite nini. Hajaamua bado.

Mzee mwalimu, deni lako nimelilipa. Kama kuna tarehe nyingine niliyokosea, simu yangu unayo. Na nyinyi mliorudi na Liemba mwaka 1997, ao wazazi wenu waliorudi nayo, tupigieni katika kipindi cha Jumamosi mtusimulie safari hiyo. Tungependa isimuliwe na waliopanda.

Mwandishi wenu, Nyakabere.